Shamba Lililosomewa Fatiha

Mama yangu alikuwa hajawahi kununua muhogo maishani mwake, na hapo sijatia chumvi. Kwetu Mahurunga muhogo haukuwa kitu cha kununua, ulikuwa kitu cha kuomba. Ukipungukiwa unakwenda kwa jirani, unapiga hodi, unaketi, unazungumza habari nyingine kabisa mpaka aibu ikutoke, ndipo unasema una shida ya muhogo. Mwenyeji anakuonyesha shina, unachimba mwenyewe. Sharti lilikuwa moja tu, usiling'oe shina zima. Unafukua pembeni, unakata mizizi iliyokomaa, unafukia, na shina linabaki limesimama likiendelea kuzaa. Mama alifanya kazi hiyo kwa mikono mitupu. Ukipita baada yake usingejua kama pameguswa.

Shamba lake lilikuwa kando ya barabara iendayo Kilambo, kule watu wanakovukia Ruvuma kwenda Msumbiji. Alilirithi kwa mama yake, naye kwa mama yake, maana kwetu ardhi hupitia kwa wanawake. Mikorosho tulikuwa nayo pia, juu kidogo, na fedha ya korosho ndiyo iliyotununulia nguo na kutulipia ada ya shule. Lakini korosho huwezi kuishi kwayo mwaka mzima. Tulichokula kila siku kilitoka kwenye lile shamba la barabarani.

Mimi niliolewa Chuno, hapa mjini Mtwara, na kwa miaka mingi asubuhi nimekuwa nikiuza chai na muhogo wa kuchemsha mbele ya nyumba yangu. Muhogo wenyewe ulitoka kwa Mama. Aliufunga kwenye gunia, akaupakia kwenye gari lolote lililokuwa linakuja mjini, nami nikaupokea stendi. Wateja wangu walidhani nina siri fulani ya upishi. Siri yangu ilikuwa Mama.

Kisha wakaja watu wa mbono.

Inabidi niueleze mbono kwa asiyeujua. Ni mti mdogo wa mbegu za mafuta, una sumu, mbuzi haugusi, na ukikata kijiti chake ukakichomeka ardhini kinachipua bila kuangaliwa. Kwa sababu hiyo watu wetu waliupanda mahali pa aina mbili. Kwanza mpakani, ili jirani asisogeze shamba lake. Pili makaburini. Mtu akizikwa, kijiti cha mbono huchomekwa kichwani pake na kingine miguuni, na mvua za kwanza zikinyesha huwa tayari vina majani. Ndiyo maana wengi wanauita mbono kaburi. Hata ukiwa mgeni kabisa wa kijiji, ukiona mibono imepangwa kwa mstari unajua umefika walikolala watu. Unapunguza sauti, unasoma Fatiha, unaendelea na safari. Na mbono wa kaburi haung'olewi. Sijawahi kuona imeandikwa mahali, lakini sijawahi kuona mtu akithubutu.

Wale watu walikuja na gari zuri na kofia za kugawa. Walisema mbegu za mbono zinatoa mafuta ya kuendeshea magari, na huko duniani yanatafutwa kwa udi na uvumba. Walisema mbono hauhitaji mbolea wala ardhi nzuri. Katika hilo hawakudanganya, mbono unaota popote. Ila lori haliendi popote. Walitaka mashamba yaliyo karibu na barabara ili mbegu zipakiwe kwa urahisi, na karibu na barabara ndiko kulikokuwa na muhogo.

Hakuna aliyelazimishwa. Nalisema hili kwa sababu hapa mjini nimewasikia watu wakiisimulia habari hii kana kwamba wanakijiji walifungwa kamba. Mama alitaka mabati. Alikuwa amechoka kuezeka nyasi, amechoka kuhamisha kitanda kila mvua inapopiga upande. Alifikiri, akapima, akakubali, na mimi sikuulizwa. Niliponung'unika aliniambia, "Wewe una bati juu ya kichwa chako, mwanangu. Usininyime langu."

Mbegu walizoleta hazikutosha, wakasema tukate vijiti tunavyopata. Basi watu wakaenda mipakani, na vya mipakani vilipokwisha wakaenda makaburini. Mama alikwenda kwenye kaburi la baba. Tulikuwa wote. Alitoa salamu, akakaa kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anavyomwambia mtu aliye chumba cha pili: "Nzee, naazima vijiti. Vikizaa nnakujengea." Akakata matawi kutoka kwenye mbono wa kichwani, akayafunga kwa kamba, akajitwika. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Kabla ya kupanda ilibidi shamba lisafishwe, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza muhogo uking'olewa wote kwa pamoja. Kijiji kizima kilikuwa kinang'oa. Makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa, yalianikwa kwenye mikeka, kwenye mapaa, mpaka kwenye vibaraza vya msikiti. Msimu ule muhogo ulikuwa mwingi ajabu na bei yake mjini ikaanguka. Mimi mwenyewe nilifurahi. Nilikata vipande vikubwa, wateja wakaongezeka, nikanenepa. Ukiniuliza wakati ule ningekwambia mbono ni neema.

Mwaka uliofuata makopa yalikwisha na shambani hapakuwa na shina la kufukua.

Mbono nao ulijivuta. Ulipozaa, lori lilikuja, likapakia, likaondoka, na Mama akanunua mabati ya upande mmoja wa paa. Msimu wa pili watu walichuma, wakajaza magunia, wakayapanga kando ya barabara. Lori halikuja. Walimpigia simu wakala wa wale wenye kofia, mara haipatikani, mara inaita tu. Wengine walisema mafuta yameshuka bei, wengine wakasema wenye fedha wamegombana wao kwa wao. Hadi leo sijui ni lipi. Magunia yalinyeshewa pale pale na mbegu nyingine zikaotea ndani yake.

Huku Chuno niliisoma hali kwenye mafungu. Wauza muhogo wa sokoni kwetu si watu wa kupandisha bei, wao hupunguza fungu. Leo fungu lina mihogo minene, kesho mmoja umebadilishwa na mwembamba, kesho kutwa umeondolewa, na bei ni ile ile uliyoizoea. Unalipa huku unajiambia labda ni macho yako. Unga wa sembe nao ukafuata, kwa sababu waliokosa muhogo wote walikimbilia huko. Nami nikafanya kama wenzangu, nikapunguza vipande vyangu. Mteja mmoja, mzee wa utani mwingi, alikiinua chake juu akauliza kama huo ni muhogo au ni kijiti cha kuchokolea meno. Nilimjibu achague anavyotaka, bei ni moja. Watu walicheka, lakini kesho yake hakuja.

Mama alikuja kukaa kwangu. Hakusema amekuja kwa njaa, alisema amekuja kuangalia wajukuu. Aliwaangalia siku nzima, na chakula kilipotengwa alikuwa wa mwisho kunawa.

Siku moja nilimpeleka sokoni. Alisimama mbele ya mafungu ya muhogo kwa muda mrefu. Kisha akachuchumaa, akaanza kulipanga upya fungu moja, akiusogeza huu, akiuegemeza ule, kama vile ukipangwa vizuri utakuwa mwingi zaidi. Muuzaji alimtazama tu, alikuwa binti mwenye adabu. Mama akamwuliza, "Huu kiasi gani, mama?" Akajibiwa. Akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri, tukaondoka bila kununua. Tulipokaribia nyumbani akanigeukia. "Nimeuliza bei," aliniambia.

Niliona aibu kwa niaba yake, na nikapata hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nimekuwa nayo kwa miaka sasa na bado sijui. Sina ugomvi na magari. Muhogo wangu wenyewe ulinifikia kwa gari, na mafuta ya gari lile yalitoka mahali fulani, na huenda huko nako kuna mtu aliyekosa kitu. Lakini huwa nawaza kwamba mtu akiwa na njaa anapiga hodi kwanza. Anaketi, anauliza habari za watoto, anaona haya. Tangi la gari halina haya. Likitaka shamba lako linataka lote, na halikuachii shina.

Mvua zilipokaribia, Mama akasema anarudi kwake kuung'oa mbono na kupanda muhogo. Nilifurahi, nikafunga safari naye. Tuliwaita vibarua wawili wa kijiji cha jirani, vijana wenye nguvu, wakaja na majembe na mapanga begani. Walifika shambani wakasimama. Mbele yao mibono ilikuwa imepangana mistari, kijiti baada ya kijiti, mpaka mwisho wa macho.

"Mama," mmoja akasema, "hapa wamelala watu."

Mama akamweleza kwamba hapana, hili ni shamba, mbono huu ni wa biashara. Yule kijana akatikisa kichwa kwa heshima. Akauliza, "Na vijiti vilitoka wapi?"

Mama yangu hakujua kudanganya. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukatosha. Waliomba radhi, wakasema watatufanyia kazi nyingine yoyote tunayotaka, ila hiyo hapana. Wakaondoka.

Tulikaa kando ya barabara tukilitazama shamba. Hapo akaja mtu na baiskeli kutoka upande wa Kilambo, na kwa mzigo wake na lafudhi yake alikuwa ametoka ng'ambo ya mto. Alipoiona mibono akashuka. Akavua kofia, akaegemeza baiskeli, akainua mikono akasoma Fatiha kwa utulivu, akajipangusa uso. Kisha akatugeukia, amehuzunika kweli.

"Poleni sana," alisema. "Msiba nkubwa. Wote hawa waliondoka pamoja?"

Mama ndiye aliyejibu. "Ahsante, baba. Tumeshapoa."

Alipokwenda zake nilicheka mpaka nikashika ubavu. Nilipomtazama Mama nikaona machozi yanamtoka, na hayakuwa ya kicheko. "Umeona?" alisema. "Imeshasomewa. Nilitaka kuanza mwenyewe leo, mwanangu, sasa naanzaje?" Lakini alijaribu. Alikwenda kwenye mstari wa mbele, akaushika mbono mmoja kwa mikono miwili, akainama kama anayetaka kuuvuta. Akabaki vile vile. "Huu umetoka kichwani kwa baba yako," akasema. "Nikiung'oa ni kama namng'oa yeye." Akauachia.

Nilikasirika. Nilimwambia marehemu hawezi kufurahia mke wake akilala njaa kwa ajili ya vijiti. Nilisema maneno mengi ya mjini, ya mtu mwenye akili. Hakubishana nami. Alichukua kikapu akaenda porini kuchimba ming'oko, ile mizizi ya mwituni ambayo kwetu huliwa kwa hamu wakati wa shibe, na kwa lazima wakati wa njaa. Mwaka ule tuliila kwa lazima.

Aliyetutoa hapo alikuwa jirani yetu, mama mmoja wa Kimakua, rafiki wa Mama tangu usichana. Sisi Wamakonde ni watani na Wamakua, na mtani kwetu ana ruhusa ambazo ndugu hana. Msibani watu wanalia, mtani anacheka. Anamtukana marehemu, anasema alikuwa mvivu, anajilaza pale lilipokuwepo jeneza, anashika sufuria ya wali akidai hajashiba. Hakuna anayemkataza. Na lile ambalo wafiwa hawawezi kulifanya kwa uzito wa moyo, mtani hulifanya huku anafanya mzaha, na likishafanywa naye limefanyika.

Alisikia habari za vibarua. Asubuhi moja tukamsikia akilia kwa sauti tangu barabarani, amejitanda kanga kama mfiwa, mkononi ana panga. Watu wakatoka majumbani. Wakauliza nani amefariki.

"Mafuta," alijibu huku akipiga kifua. "Mafuta ya magari yamefia hapa, hayana ndugu, hayana wa kuyazika. Nimekuja ninzike mimi niliye ntani wake."

Watu wakaanza kucheka. Akaingia shambani akasimama katikati ya mistari, akatoa wasifu. Marehemu alikuwa nlafi, alisema. Alikula muhogo wa kijiji kizima na hakunawa. Aliahidi paa zima akaezeka upande mmoja, upande wa pili ukawa wa nyota. Kisha akageuka upande wa makaburini, akabadilisha sauti, na kicheko kikapungua kwa sababu sote tulijua sasa anazungumza na nani.

"Na wewe shemeji," alisema. "Wewe ulipenda muhogo wa nazi kuliko ulivyompenda nke wako, tunajua wote. Leo nke wako anachimba ming'oko ili vijiti vyako vipate pa kusimama? Mwanamume gani wewe? Chukua vyako, tuachie shamba."

Akaushika mbono ule ule ambao ulimshinda Mama, akauvuta, ukang'oka na udongo wake, akautupa barabarani. Nilimwangalia Mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga na mabega yanatikisika. Mpaka leo siwezi kusema kama alikuwa analia au anacheka.

Ukang'olewa wa pili, na wa tatu. Vijana wakaingia na majembe, na wale vibarua wawili wakarudi, maana sasa si wao walioanza. Kabla jua halijawa kali mistari ilikuwa imelala. Ulibaki mmoja tu mwishoni mwa shamba, ule Mama alioupanda wa kwanza kabisa. Mtani aliufikia, akasimama mbele yake, akaupita. Akamwambia Mama kwamba ujira wake anautaka, nao ni shina la kwanza la muhogo litakaloiva pale.

Vijiti vya muhogo vya kupanda navyo vilikuwa adimu, maana mashina yenyewe yalikuwa yameng'olewa kijiji kizima. Mama alivukia Kilambo kwenda kuomba kwa jamaa za ng'ambo. Alipanda, akapalilia, akasubiri. Kusubiri muhogo ni kurefu ukiwa huna mwingine. Nilimpelekea sembe kila nilipoweza, naye aliipokea kama mtu anayepokea dawa.

Muhogo ukaiva, na hapo likatokea jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Hakuna aliyekuja kuomba. Kitu kilichoota makaburini hakiliwi, na ingawa watu walicheka siku ile, na walijua, midomo yao ilikuwa inakataa. Walipita barabarani wakamsalimia Mama, wakaendelea. Yeye aliketi kizingitini akiwaangalia wakipita. Hilo lilimuuma kuliko njaa. Njaa aliizoea, lakini hakuzoea kuwa na muhogo asiombwe.

Mtani akaja kudai chake. Alifukua pembeni ya shina la kwanza, taratibu, akakata mzizi mmoja, akafukia. Akaenda nao mpaka katikati ya barabara, akaumenya kwa meno, akautafuna mbichi amesimama, watu wanaangalia. Akatafuna kwa muda mrefu makusudi.

"Ntamu," akasema mwishoni. "Ila una mafuta kidogo."

Jioni ya siku ile nilikuwa nafunga mzigo nirudi Chuno nikasikia hodi. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu. Mama akamkaribisha mkeka. Yule mama akaulizia mvua, akaulizia wajukuu, akasimulia habari ndefu ya mbuzi aliyepotea na kupatikana. Mama aliitikia kila neno, hakumharakisha, hakumsaidia. Alimwacha azungumze mpaka aibu imtoke. Sijawahi kumwona mama yangu ametulia vile.

Alikula kutoka shamba lile misimu kadhaa kisha akafariki, kwa maradhi ya kawaida ya uzee. Wanaume walimzika kando ya baba, wakachomeka kijiti cha mbono kichwani pake, kilichokatwa kwenye ule mmoja uliobaki. Sisi wanawake tulikwenda kumzuru baada ya arobaini. Mtani alikuwa nasi, anatembea kwa mkongojo. Alipofika miguuni mwa kaburi alichomoa kitu alichokificha kwenye kanga, akakichomeka ardhini, akakikanyagia udongo. Kilikuwa kijiti cha muhogo.

"Huyu, mbono ulishamkosea," alisema. "Mpeni anachokijua." Nani angemkataza?

Kimeota, kimekuwa shina kubwa. Hakuna anayeligusa, bila shaka, ni la kaburini. Na mwaka huu mafungu sokoni Chuno yameanza tena kupungua. Wamekuja watu wengine vijijini, wana magari mazuri zaidi, na safari hii nasikia hawataki mbono. Wanataka muhogo wenyewe, ununuliwe shamba kwa shamba, ukatengenezwe spiriti ya kuchanganya na petroli. Bei wanayoitaja ni nzuri. Nimewaambia wadogo zangu wanaolilima shamba sasa wafikiri, nami sijui zaidi ya hapo la kuwaambia, maana mabati bado ni mabati na paa la Mama liliezekwa upande mmoja.

Juzi nilikwenda makaburini kuwazuru wazazi wangu. Nilisoma Fatiha, nikafagia majani. Nilipofika miguuni mwa Mama nikaona udongo wa pembeni ya lile shina si mkavu kama mwingine. Nikainama. Palikuwa pamefukuliwa, pamekatwa, na pamefukiwa vizuri sana, kwa mikono. Shina limesimama. Nilimwuliza mtani akaapa si yeye, na magoti yake hayamruhusu tena kuchuchumaa. Kuna mtu ameshikwa na njaa mpaka akaomba huku.

Nilibaki pale kidogo, nikazungumza habari nyingine, za wajukuu, za mvua, mpaka nikaweza. Kisha nikamwambia, "Mama, umeombwa."